Vumbi la Kiangazi Nyamirambo: Je, Mashine Moja Yaweza Kusafisha Hewa ya Nyumba Nzima?

Ifikapo katikati ya mwezi wa Juni, mvua za masika zikiisha na majani ya milimani yakianza kukauka, mwenyeji wa Nyamirambo hahitaji kalenda kumwambia kwamba kiangazi kimeingia. Kitambaa cha meza kilichofuliwa jana, leo kina rangi ya matofali. Vikombe vilivyopangwa kabatini vyaweza kuandikwa jina kwa kidole. Nguo nyeupe zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa si nyeupe tena, na watoto hulala wakikohoa kikohozi kikavu ambacho mama mtu hukiita mafua, kumbe si mafua. Wanyarwanda huuita msimu huo impeshyi, nao huendelea hadi mvua za Septemba zianze kunyesha.

Mji wa Kigali umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Nyamirambo ni miongoni mwa mitaa yake mikongwe. Ndiko walikokaa Waswahili waliofuatana na misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani baada ya Richard Kandt kuanzisha mji huo mwaka 1907, na msikiti wa Al-Fatah ulioko Biryogo umesimama tangu mwaka 1913. Barabara kuu ya mtaa ina lami, na njia kadhaa za pembeni zimekwisha kutandikwa mawe. Lakini vichochoro vinavyopanda kuelekea Mlima Kigali, upande wa Rugarama na Cyivugiza, vingi vingali vya udongo mtupu. Udongo huo ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake, nao ukikauka na kukanyagwa na matairi huwa laini kama unga wa muhogo. Pikipiki moja yatosha kuunyanyua mpaka madirishani.

Basi si ajabu kwamba wenye ndugu zao Dubai, Muscat au Doha wanapozuru huko na kukaa wiki nzima katika nyumba isiyo na chembe ya vumbi, ilhali jangwa liko nyuma ya ukuta, hurudi na swali: mashine ile ya kusafisha hewa ya nyumba nzima, kwa nini sisi tusiiweke Nyamirambo? Swali ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwa kuwa fedha zinazohusika si kidogo, na kwa kuwa jibu lisilofikiriwa vema laweza kuleta madhara makubwa kuliko vumbi lenyewe.

MASHINE YA JANGWANI

Kwanza yafaa tufahamu jinsi mtambo huo unavyofanya kazi. Nyumba za kisasa za nchi za Ghuba hujengwa zikiwa na kipoza hewa kimoja kikubwa, ambacho hupeleka hewa baridi katika kila chumba kwa njia ya mifereji ya bati iliyofichwa juu ya dari. Hewa iliyokwisha kutumika hurudi kwa mfereji mwingine mpaka kwenye mashine, ikapozwa tena, ikatolewa tena. Katika mfereji huo wa kurudia ndimo kichujio kinamowekwa. Kichujio kizuri ni kama kitabu kinene cha karatasi yenye nyuzinyuzi, iliyokunjwa mikunjo mingi ili eneo lake liwe kubwa, chenye unene wa kiasi cha sentimeta 10 au zaidi. Kila mara hewa ya nyumba inapozunguka, chembe za vumbi hunaswa humo.

Lakini siri ya nyumba ya jangwani haimo katika kichujio peke yake. Mafundi wa huko huingiza pia hewa kidogo kutoka nje, wakiipitisha kwanza katika vichujio, ili nguvu ya hewa ndani ya nyumba izidi kwa kiasi kidogo sana nguvu ya hewa iliyoko nje. Kwa hiyo penye ufa wa mlango au wa dirisha, hewa hutoka badala ya kuingia, na vumbi halipati njia hata upepo wa shamali uvumapo. Mtambo huo wadai nyumba iliyozibwa barabara: madirisha ya vioo yenye mipira pembeni, milango inayobana, na kuta zisizo na tundu hata moja. Watu wa huko hawaoni tabu kuishi hivyo, kwani joto la nje wakati wa kiangazi hupita digrii 40, na hakuna mtu afunguaye dirisha kwa hiari yake.

Zamani, kabla ya umeme, nyumba hizo hizo zilitumia minara ya upepo iliyojengwa juu ya paa ili kuteka hewa ya juu na kuiteremsha chumbani. Vumbi jingi zito hutambaa karibu na ardhi, na hewa ya juu huwa na unafuu. Hilo tulikumbuke, maana lina faida kwetu pia.

NYUMBA YETU SI NYUMBA ILE

Sasa tuitazame nyumba ya kawaida ya Nyamirambo. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma au ya udongo uliokaushwa juani, zikapakwa saruji. Paa ni la mabati au vigae. Juu ya milango na madirisha mna matundu ya kupitishia hewa ambayo hayafungwi usiku wala mchana, na kati ya ukuta na paa mara nyingi mna mwanya wa kupitisha ngumi. Katika nyumba nyingi dari haipo, au ipo sebuleni tu kwa heshima ya wageni. Mafundi wetu wa zamani hawakufanya hivyo kwa uzembe. Hali ya hewa ya Kigali ni ya wastani, kiasi cha digrii 20 au 21 mwaka mzima, na nyumba inayopumua huwa na afya: unyevu hutoka, harufu hutoka, na magonjwa yanayoambukiza kwa hewa, kama kifua kikuu, hayapati nafasi kubwa kama katika chumba kilichofungwa.

Kwa hiyo nyumba zetu hazina kipoza hewa kwa sababu hazikihitaji, na kwa kuwa hazina kipoza hewa hazina mifereji, na pasipo mifereji hakuna mahali pa kuweka kichujio cha nyumba nzima. Anayetaka mtambo wa jangwani hapa hana budi kuanza kwa kuziba nyumba, kuweka dari kila chumba, kununua mifereji na feni kubwa ya kusukuma hewa, kisha kulipia umeme wa kuiendesha saa 24. Na akiiziba nyumba, ataona joto ambalo hakuwa nalo, naye atalazimika kununua na kipoza hewa. Atakuwa amenunua jangwa pamoja na dawa yake.

Hesabu ndogo yaweza kutuonyesha jambo hilo. Nyumba ya eneo la mita mraba 90, yenye kimo cha mita 2.8 kutoka sakafuni hadi darini, ina hewa ya mita za ujazo 252. Wataalamu hupendekeza hewa ya chumba ipite kwenye kichujio mara tano hivi kwa saa moja ili usafi uonekane. Mashine basi itatakiwa kuchuja mita za ujazo 1,260 kila saa. Na ikiwa matundu ya juu ya madirisha yako wazi, mashine hiyo haisafishi nyumba. Inasafisha barabara ya Nyamirambo, kazi ambayo hata halmashauri ya jiji haijaimaliza.

Kuna wauzaji watakaosema kwamba mambo haya yote si kitu, na kwamba mashine yao ndogo ya mezani husafisha nyumba nzima. Mwulize muuzaji wa namna hiyo swali moja tu: mashine hii huchuja mita za ujazo ngapi kwa saa? Asipojua, mshukuru, uende zako.

VUMBI LINALOONEKANA NA LISILOONEKANA

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani wengi wetu humwogopa adui anayeonekana tukamwacha asiyeonekana.

Vumbi jekundu la mezani lina chembe kubwa kubwa. Wataalamu hupima chembe kwa maikroni; maikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita, na unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Chembe ya udongo ya maikroni 10 au zaidi, katika hewa iliyotulia, hushuka kutoka darini mpaka sakafuni kwa dakika chache. Puani pia hunaswa na vinyweleo na makamasi. Ndiyo maana tukipenga tunaona wekundu. Yakera macho, yachafua nguo, yaamsha pumu ya mwenye pumu. Lakini chembe za maikroni 2.5 kushuka chini ni jambo jingine. Hizo huelea hewani kwa saa nyingi, huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huvuka na kuingia katika damu. Nyingi ya hizo si udongo. Ni masizi ya makaa, ya kuni, ya dizeli na ya takataka zinazochomwa.

Wataalamu waliopima hewa ya Kigali kati ya mwaka 2017 na 2018 walikuta wastani wa kiasi cha maikrogramu 50 za chembe hizo ndogo katika kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5. Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba hali huwa mbaya asubuhi na jioni, saa ambazo magari yamejaa barabarani na majiko yamewashwa, na kwamba mchana jua linapopanda hewa huchanganyika na ile ya juu, uchafu ukapungua. Siku za Jumapili ambazo magari huzuiwa katika baadhi ya barabara ili watu wafanye mazoezi, utaratibu ulioanza mwaka 2016, chembe hizo zilionekana kupungua kwa kiasi kinachopimika.

Sasa zingatia jambo hili, mama mwenye nyumba. Ukiifunga nyumba yako kwa sababu ya vumbi, ukaziba matundu kwa magazeti na nailoni, huku jiko la makaa likichemsha maharage kibarazani karibu na mlango, au, Mungu apishe mbali, ndani ya chumba chenyewe, umemfukuza mwizi wa kuku ukamkaribisha chui. Makaa yakishashika vema hayatoi moshi, na watu hudhani hewa yake ni safi. Kumbe ndiyo saa yanapotoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hufa usingizini bila kujua kinachomwua. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge wa viungo, na zikiwapata watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, asisubiriwe mtu kuuliza maswali: wote watolewe nje mara moja, milango ifunguliwe, jiko litolewe, na wapelekwe hospitali.

Hakuna kichujio cha vumbi kinachonasa gesi hiyo. Si cha bei rahisi, si cha bei ghali, si cha nyumba nzima. Mashine ya kusafisha hewa iliyowekwa katika chumba chenye jiko la makaa itamwonyesha mwenye nyumba taa ya kijani ya kumwambia hewa ni njema, na ile gesi iko pale pale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa maoni yangu, familia ya Nyamirambo iliyoweka akiba kwa ajili ya mashine ya hewa, nayo ingali inapika kwa makaa, ingefaa iitumie akiba hiyo kwanza kwa jiko la gesi na mtungi wake, pamoja na jiko la nje lenye paa na pande mbili wazi. Mashine baadaye.

KULIZUIA VUMBI MLANGONI

Baada ya jiko, kazi ya pili ni kuzuia vumbi lisiingie, na hapo gharama ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Tuanze na uwanja. Ua wa udongo mtupu ni kiwanda cha vumbi kilicho ndani ya boma lako mwenyewe; hakuna haja ya kulaumu pikipiki. Majani ya kutambaa yaliyopandwa wakati wa mvua, au changarawe, au vipande vya mawe vilivyopangwa kutoka langoni hadi mlangoni, hupunguza vumbi mno. Ua wa miti upande wa barabara, ukiwa na majani mengi tangu chini, hunasa sehemu ya vumbi linalonyanyuliwa na magari, maana tulikwisha sema kwamba vumbi zito husafiri karibu na ardhi. Kunyunyiza maji mbele ya nyumba ni desturi njema, lakini kiangazi ndicho kipindi cha shida ya maji. Yatumike yale ya kusuuzia vyombo au nguo, wala si ya bomba yaliyotekwa kwa foleni.

Viatu viachwe mlangoni. Katika nyumba za Waswahili desturi hii haihitaji kufundishwa, bali yahitaji kukazwa kwa wageni wanaodhani ni ushamba. Kibaraza kiwe na tandiko gumu la kufutia miguu, la katani au nyuzi za nazi, na tandiko hilo likung'utwe mbali na nyumba kila siku. Tandiko lililojaa ni kama kichujio kilichojaa, halifanyi kazi ila kugawa uchafu.

Kuhusu kufagia, nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapojiumiza. Fagio kavu juu ya sakafu ya saruji haliondoi vumbi; hulihamisha kutoka sakafuni hadi hewani, na baada ya saa moja limerudi juu ya makochi. Chembe kubwa huishia kwenye ungo wa taka, chembe ndogo huishia katika mapafu ya msichana anayefagia na ya mtoto mchanga aliyelala chumba cha pili. Sakafu ya saruji au vigae ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Ikiwa ni lazima kufagia, nyunyiza maji kidogo kwanza, na uwatoe watoto nje. Meza na makabati yafutwe kwa kitambaa kibichi, kuanzia juu kuja chini, na kitambaa kisuuzwe mara kwa mara. Manyoya ya kupangusia, ambayo hupendeza kuyaona mikononi mwa watumishi wa hoteli, hayafai kabisa. Mapazia mazito na mazulia manene yakunjwe mwezi wa Juni yawekwe hadi Oktoba. Ukumbi utaonekana mtupu, lakini utapumulika.

Halafu paa. Fundi seremala mwenye ngazi na misumari aweza kuziba mwanya kati ya ukuta na mabati kwa siku moja au mbili, na dari, ijapokuwa ni ya mbao nyembamba au ya mikeka ya matete, hubadilisha nyumba: vumbi la darini na masizi hayamwagiki tena kitandani upepo ukivuma. Matundu ya upande wa barabara yatandikwe wavu wa mbu na juu yake kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu, kinachoweza kuvuliwa na kufuliwa kila Jumamosi. Wavu peke yake huzuia mbu, na hilo ni jema kwa malaria, lakini tundu lake ni kubwa mara mia kuliko chembe ya vumbi. Matundu ya upande wa pili, ule usio na barabara, yaachwe wazi. Si ruhusa kuziba pande zote. Anayetaka kujua upepo wa nyumba yake unaingilia wapi, atundike uzi mwembamba wa sufu penye kila tundu na auangalie asubuhi, adhuhuri na jioni. Ndani ya siku mbili atakuwa ameijua nyumba yake kuliko fundi aliyeijenga.

Na madirisha yafunguliwe lini? Mtu anayekaa juu ya kichochoro cha udongo atajaribiwa kufungua alfajiri, wakati pikipiki bado hazijaamka. Lakini vipimo tulivyovitaja vinaonyesha kwamba asubuhi na jioni ndipo masizi yanapojaa hewani. Saa nzuri kwa nyumba nyingi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa upande ule usiotazama barabara. Jua likikaribia kuchwa, majirani wote wakiwasha majiko, madirisha yafungwe.

CHUMBA KIMOJA SAFI

Sasa twaweza kurudi kwenye mashine, kwa sababu si kweli kwamba hazifai kabisa. Zipo familia zenye mtoto wa pumu, au mzee mwenye ugonjwa wa mapafu, ambao kwao kiangazi si kero bali ni miezi mitatu ya hofu. Kwa hao liko shauri ambalo hata Wamarekani hupewa na serikali yao wakati wa moshi wa mioto ya misitu: acha nyumba nzima, safisha chumba kimoja. Chagua chumba cha kulala cha mgonjwa. Kiwe na dari, mlango unaobana, mapazia mepesi, sakafu ya kupigwa deki, na vitu vichache. Ndani yake weka mashine ndogo yenye kichujio cha aina iitwayo hepa.

Kichujio cha hepa kilizaliwa Marekani miaka ya 1940, katika kazi ya siri ya kutengeneza bomu la atomiki, ambapo ilibidi kuzuia chembe zenye sumu zisienee hewani. Ni ajabu ya dunia kwamba kitu kilichotengenezwa kwa shabaha hiyo leo chamsaidia mtoto wa Mumena kulala. Kichujio halisi cha namna hiyo hunasa chembe 9,997 kati ya kila 10,000 zenye ukubwa wa maikroni 0.3, na hizo ndizo ngumu kunaswa kuliko zote. Kubwa zaidi na ndogo zaidi hunaswa kwa urahisi zaidi. Maneno kama "mfano wa hepa" au "kama hepa" yaliyoandikwa kwenye sanduku hayana maana yoyote.

Turudie hesabu yetu kwa chumba. Urefu mita 4, upana mita 3 na nusu, kimo mita 2.8: hewa yake ni mita za ujazo 39 na kidogo. Mara tano kwa saa ni kama mita za ujazo 196. Mashine ya mita za ujazo 200 kwa saa yatosha, na mashine ya kiasi hicho kwa kawaida haizidi wati 50. Ikiwashwa saa 10 za usiku itakula nusu uniti ya umeme, yaani uniti 15 kwa mwezi. Mwenye kununua umeme kwa mita ya kulipia kabla aliweke hilo katika hesabu, na akumbuke kwamba watumiao umeme kidogo hulipa kila uniti kwa bei nafuu kuliko watumiao mwingi, hivyo mashine yaweza kumhamisha kutoka daraja moja kwenda jingine.

Kabla ya kutoa fedha, uliza kichujio cha kubadilisha kinapatikana wapi na kwa bei gani. Katika nchi zisizo na vumbi hubadilishwa baada ya miezi sita hadi mwaka. Nyamirambo kiangazi kitakijaza mapema zaidi. Mashine nyingi zina wavu wa mbele wa kunasa chembe kubwa. Wavu huo uoshwe kila wiki na ukaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, nao utamrefushia maisha mwenzake wa ndani. Kichujio cha hepa chenyewe hakioshwi: maji huharibu nyuzi zake, na kinachorudishwa baada ya kuoshwa ni karatasi tu. Tabaka jeusi la mkaa maalumu, lililomo katika mashine nyingi, ni kwa ajili ya harufu, wala halisaidii dhidi ya vumbi, na asidhani mtu kwamba kwa kuwa lina mkaa litazuia gesi ya mkaa tuliyoieleza.

Jihadhari sana na mashine zinazojisifu kwamba hutoa ozoni, au "hewa ya baada ya mvua". Ozoni ni gesi inayounguza njia ya pumzi, na mwenye pumu akiivuta huzidiwa. Mashine ya namna hiyo isiingizwe nyumbani hata ikitolewa bure.

Wenye mikono ya ufundi watafurahi kusikia kwamba mwaka 2020 Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walibuni kifaa cha kujitengenezea: vichujio vinne vya kipoza hewa vinaunganishwa kwa gundi ya karatasi kama kuta za sanduku, juu yake inawekwa feni ya mraba inayovuta hewa kupitia kuta hizo na kuitoa juu. Vipimo vilivyofanywa vyuoni vimeonyesha kwamba kifaa hicho hushindana na mashine za dukani za bei kubwa. Penye vichujio vya kipimo kinachofaa, kijana aliyesoma ufundi aweza kukiunda kwa jioni moja. Wavu wa feni usiondolewe, na feni inayopata moto isiachwe ikizunguka watu wakiwa wamelala.

NJE YA NYUMBA

Yako mambo ambayo mwenye nyumba hawezi kuyafanya peke yake. Rwanda ina sheria ya kulinda usafi wa hewa tangu mwaka 2016, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zinazoandikishwa hutakiwa ziwe za umeme. Hatua hiyo itapunguza moshi, nasi twaishukuru. Ila tairi la pikipiki ya umeme hunyanyua udongo sawasawa na la petroli. Kwa vichochoro vya Rugarama dawa ni mawe, na wakazi wanaokutana kwa umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanaweza kulileta jambo hilo mbele ya viongozi wa mtaa wao pamoja na lile la takataka zinazochomwa usiku nyuma ya nyumba. Moto mmoja wa plastiki wa jirani hushinda mashine zote za hewa za uchochoro mzima.

Mvua za kwanza za Septemba zikinyesha, usiharakishe kuondoa vitambaa vya matunduni, maana wiki ya kwanza huwa na siku za jua katikati na udongo hukauka upya. Ngoja mpaka majani ya uani yaanze kuchipua. Ndipo vitambaa vivuliwe, vifuliwe, vikunjwe, na mashine ya chumbani ifunguliwe ikaguliwe. Kichujio kikiwa kimegeuka rangi ya udongo pande zote, kinunuliwe kipya sasa, wakati madukani hakuna anayekitafuta, na tarehe ya kukinunua iandikwe kwa kalamu ubavuni mwake.